Saa ya Atomu Niliyoikana

Baba yangu, fundi wa saa,

Ni mwezi wa pili tangu tukuzike, na mwaka wa nne tangu siku ile ya gazeti, na bado sijakuomba radhi. Ukiwa hai tulikunywa chai meza moja asubuhi na jioni, nami kila siku nikajiambia kesho. Naona haya hata kuandika.

Unakumbuka baraza yako hapa Nakuru, hatua chache kutoka stesheni ya reli? Ulikuwa na meza moja, kibano, burashi na kioo chako cha jicho. Adui yako alikuwa vumbi. Upepo ukivuma kutoka ziwani mji mzima ulikuwa mweupe, na kesho yake saa zilikujia kwa foleni. Za watu wa Elburgon zilijaa unga wa mbao. Za madereva wa trekta wa Mau Narok, makapi ya ngano. "Hii saa imekula kuliko mwenyewe," ulikuwa ukisema, nami nikicheka.

Ulinipeleka shule wakati wazee wa benchi la hapo barazani wakikuuliza msichana atamwandikia nani barua za Kiingereza. Mzee Juma, muuza nyama wa jirani, ndiye aliyekuwa na mdomo zaidi. Wewe ulimjibu tu, "Atanisomea mimi."

Basi mwaka wa hamsini na tano karani wa stesheni alikuletea ukurasa wa gazeti la Kiingereza, akakueleza yaliyomo. Waingereza wametengeneza saa ya atomu. Ndani yake mna bomba refu lililotolewa hewa yote, na chembe, yaani atomu, za madini yanayoandikwa caesium zinapita humo. Wanazipigia mawimbi kama ya redio, wakiyarekebisha mpaka yapatane na mtetemo wa zile chembe, na mtetemo huo ndio wanaouhesabu. Walisema itapita miaka mia tatu kabla haijakosea sekunde moja. Lakini kilichokufurahisha wewe ni lile bomba. "Hakuna hewa," ulirudia, "basi hakuna vumbi!" Fundi mwingine angeogopa kukosa kazi. Wewe ulifurahi kama mtu aliyesikia adui yake kashindwa.

Jumamosi ukaitangaza habari hiyo kwenye benchi. Njoroge, dereva wa trekta, akauliza, "Fundi, atomu si ndio ile ya bomu? Sasa mtu atafunga bomu mkononi?" Wakaangua kicheko. Mzee Juma naye: "Miaka mia tatu! Nani alikaa akangoja aone?"

Ukaniita kutoka ndani, ukanipa ule ukurasa mbele ya wote. "Haya, Zuhura. Wasomee, halafu uwaambie kwa Kiswahili."

Nikaanza kusoma kimya. Mstari wa pili nikakutana na jina la yale madini, sikujua hata linatamkwaje, na maneno mengine mbele yake hayakunielea. Niliyaelewa ya kutosha, Baba. Saa ilikuwepo, atomu ilikuwepo, miaka mia tatu ilikuwepo. Lakini Mzee Juma alikuwa ananitazama mdomo, anangoja nikwame, nami nikaogopa kusema neno hili silijui. Nikakunja karatasi.

"Baba, hapa hakuna saa kama hiyo. Labda ulisikia vibaya."

Walicheka mpaka Njoroge akashika ukuta. Kuanzia siku hiyo ukawa Fundi Atomu. Ulipomwambia mtu saa yake inapoteza dakika mbili kwa siku, alikuuliza kama hiyo ni hesabu ya kawaida au ya atomu, na wengine wakazipeleka saa zao kwingine. Wewe, ambaye hukuwahi kumwambia mtu springi imekatika kama haikukatika! Nyumbani uliniambia neno moja tu: "Karani alinisomea mara tatu, Zuhura." Na hukunipa tena karatasi nikusomee. Hata barua za serikali ulizipeleka stesheni, nami niko palepale na masomo yangu.

Nililinda sifa yangu ya usomi kwa kuiuza yako ya ukweli. Sasa mimi ni mwalimu. Msichana akikwama kwenye neno, natangulia kumwambia kwamba hata mimi mengine siyajui, na wanafunzi wananipenda kwa hilo. Hawajui limetoka wapi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye benchi na ukurasa ule. Niliukuta kwenye droo yako, umekunjwa vizuri. Nikawasomea wote kwa sauti, mstari kwa mstari, na kuwaelezea. Nilipofika kwenye jina la madini nilikwama, nikasema wazi kwamba siwezi kulitamka. Nikawaambia kwamba siku ile nilisema uongo. Nililia, Baba, mbele ya watu na mizani ya nyama.

Mzee Juma aliniletea kiti. "Unafanya vizuri kumtetea mzazi wako, mama," akasema kwa upole. "Lakini usijitie dhambi kwa ajili ya marehemu. Sisi wote tulikuwa hapa. Siku ile ulisema kweli."

Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyecheka.

Mola akurehemu, na wewe unirehemu.

Binti yako uliyempeleka shule,
Zuhura