Niliubadili Mwisho wa Riwaya, Sasa Mwenzangu wa Kazini Anarudi kwa Mumewe

Mpendwa mshauri,

Nakuomba unisome mpaka chini kabla hujanihukumu, kwa sababu hili ninalokuletea halina mwanamume ndani yake, yaani lina mwanamume lakini si wangu, mimi sina, na najua watu wakisikia mwanamke mtu mzima anaomba ushauri juu ya riwaya za mapenzi watacheka, na wewe ukicheka sitakulaumu, ila unijibu.

Mimi ni mshonaji wa mkono katika karakana ya sare. Cherehani ziko chumba kikubwa na kelele zao, na sisi wanawake wachache tuko chumba cha nyuma, tunashona vifungo na kupinda mapindo, kazi ya kimya, na kimya hicho ndicho kilichoniponza. Redio yetu ilipokufa nilikuwa na riwaya mkobani, maana muuza vitabu wa mtaani kwangu huniwekea zile mpya za waandishi wanawake, wenzangu wakasema hebu tusomee wewe mwenye sauti, nikasoma, na tangu siku ile ikawa desturi kwamba baada ya chakula cha mchana mimi naweka sindano chini nashika kitabu, nao wanagawana vifungo vyangu wananishonea. Msimamizi anajua na amefumba macho, kwa sababu watu wakisikiliza hawanyanyuki hata kwenda kunywa maji.

Mshauri, sijui kama unajua raha ya kushonewa vifungo vyako na watu. Mimi naishi peke yangu. Chumbani kwangu kuna kiti cha kukalia na kingine ambacho nimekifanya cha kuwekea nguo, kwa kuwa hakuna mwingine wa kukikalia. Simu yangu ikilia ni kampuni ya simu yenyewe. Jumapili inaweza kuisha sijasema neno na mtu, na Jumatatu nikimsalimia mlinzi wa getini sauti inanitoka kama ya mgonjwa. Lakini mchana, pale chumba cha nyuma, watu wanasogeza vigoda karibu yangu, wanauliza jana tuliishia wapi, na nikikohoa mmoja ananiletea maji ili nisikatize.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mpishi wa hoteli, sisi vitabu tunaviita kwa kazi ya mwanamke aliyemo, nacho kikaisha kwa ndoa, wakapiga vigelegele mpaka msimamizi akachungulia, na jioni mmoja akanishika mkono tukatembea pamoja hadi barabarani. Cha pili kilikuwa cha mkunga. Mkunga huyo alimpenda mtu, akampoteza, akabaki na kazi yake na nyumba yake, akafungua madirisha, basi, mwandishi akamwacha hapo. Hakuna aliyesema kitu. Walikusanya nyuzi zao wakatoka mmoja mmoja, nikatembea peke yangu, nikajua nimewaudhi, ingawa kesho yake nilikuta hata vifungo vyangu vya asubuhi vimeshashonwa na chai yangu imefunikwa kwa kisahani, labda walinionea huruma, sijui.

Tangu hapo nikawa natangulia kusoma nyumbani. Na hizi riwaya mpya ni tamu, mshauri, mimi nazipenda kuliko zile za zamani, wanawake wa humo wana kazi, wana hasira, miguu inawauma jioni, wanapenda na wanakosea, lakini waandishi wake hawataki kuozesha watu hivi hivi. Basi nikiona mwisho mchungu natunga wangu. Kitabu nakishika wazi, macho yako kwenye ukurasa, mdomo unasoma kisichokuwepo. Mwalimu wa chekechea nilimrudishia mchumba wake. Dereva wa lori nilimfungisha ndoa na yule fundi wa matairi ambaye mle kitabuni alihama mji bila kuaga. Wakafurahi, nikasindikizwa, nikanogewa.

Sasa kuna huyu wa kigoda cha pembeni yangu, tunamwita Vifungo kwa sababu hakuna anayemfikia kwa kasi, ingawa kidole gumba chake cha kulia hakikunjiki. Mumewe alikibana kwenye mlango, makusudi, huku akimtazama usoni. Vifungo aliondoka akapanga chumba, na mara kwa mara huniambia pita kwangu ule, nami hujibu nimeshiba, kwa sababu sipendi kusumbua watu, kisha nafika kwangu nakula mkate nimesimama.

Majuzi tulimaliza kitabu cha mfamasia, naye ana mume wa aina hiyo hiyo. Mwishoni mume anakuja kubisha hodi huku analia, na mle kitabuni mfamasia anamsikiliza akiwa ndani, anamwambia nenda salama, hafungui, anarudi mezani anakuta chakula chake kingali moto, anakula. Nikaona chumba kizima kitanyamaza tena, nikamfanya afungue mlango. Nikasoma kwamba mume alipiga magoti, akabadilika, wakarudi nyumbani wakazeeka pamoja. Wenzangu wakapiga makofi. Vifungo alikuwa analia, na mimi mpumbavu nikajisifu moyoni kwamba leo nimesoma vizuri.

Kumbe wifi yake amekuwa akimletea salamu za huyo mume. Juzi ameniambia ameshamuaga mwenye nyumba, mwisho wa mwezi anarudi. Nikamuuliza umeamuaje. Akasema, "Yule wa kitabuni alikuwa mbaya kuliko wangu, na alibadilika. Mtu hawezi kuandika vile kama hajaona." Kisha akaniomba kitabu, ausome mwisho ule kwa macho yake kabla hajaondoka, umpe nguvu. Nikamwambia kimepotea. Kiko chini ya mto wangu.

Nikisema, watajua kwamba wote wale niliwaozesha mimi, nitarudishiwa vifungo vyangu, na mchana wangu utakuwa kama Jumapili yangu. Nikinyamaza, anarudi kwenye mlango ule. Nimechanganyikiwa, dada yangu, nifanye nini?

Msomaji wa chumba cha nyuma

*

Dada msomaji,

Sijacheka. Nimeisoma barua yako nikiwa peke yangu mezani, na chai yangu imepoa.

Nianze na makaripio, maana unayastahili na nadhani ndiyo uliyoyafuata kwangu. Hukuubadili mwisho wa kitabu tu. Kuna mwanamke aliyehangaika kitabu kizima ili apate kula chakula chake kwa amani, nawe ukamnyanyua mezani ukamrudisha kwa aliyemtesa, eti usitembee peke yako jioni. Huyo wa kitabuni hana neno, kesho ukifungua ukurasa utamkuta palepale anakula. Vifungo yeye ana kidole kimoja tu cha gumba kilichobaki kizima. Ulipomwambia kitabu kimepotea, hapo hukuwa tena msimuliaji aliyetia chumvi. Hapo ulimdanganya mtu aliyekuomba msaada.

Halafu acha kuwasingizia waandishi. Mimi nami nasoma hizi riwaya, na nikiulizwa ipi inafaa, huwa sitazami kama mwisho kuna harusi. Ipo inayoishia kwa harusi nikaiamini kila neno, na ipo inayoishia kwa harusi nikatamani kumvuta bibi harusi kwa nguo nimtoe. Ninachotaka ni mwandishi anayemjua huyo mwanamke, anayejua jioni akifika kwake anaanza kuvua nini, na asiyemdanganya ili mimi nifurahi. Wewe umesoma nyingi kunizidi, na najua unajua hilo, ndiyo maana unatangulia kusoma nyumbani peke yako na huthubutu kuzibadili ukiwa unajisomea.

Sasa nikuulize kitu. Siku ya mkunga walinyamaza, ukaamua umewaudhi. Ulimuuliza nani? Mimi sikuwepo, lakini habari ya kesho yake umeiandika kwa mkono wako mwenyewe. Vifungo vyako vya asubuhi vilishonwa kabla hujafika, na chai yako ikafunikwa isipoe. Siku za harusi zako ulipigiwa makofi na kusindikizwa, ila hujaandika popote kwamba kesho zake ulifunikiwa chai. Wanawake wale walitoka kimya kwa sababu umewasomea jambo linalowahusu, wakaenda nalo nyumbani, na asubuhi wakarudi na shukrani. Wewe ulikuwa na upweke mwingi kiasi kwamba hukuitambua shukrani hata ilipowekwa mbele yako na kisahani juu. Nakuonea huruma, na nina hasira nawe pia, yote mawili.

Haya, fanya hivi. Usingoje mwisho wa mwezi. Leo ukitoka kazini toa kitabu chini ya huo mto, nenda kwa Vifungo, kwake, si karakanani mbele ya watu. Usianze kujitetea wala kulia, ataacha lake aanze kukubembeleza wewe. Mwambie maneno machache: "Kitabu hakikupotea. Mwisho ule niliutunga mimi. Wa kweli ni huu." Kisha mpe asome mwenyewe, kwa macho yake kama alivyokuomba, nawe ufunge mdomo. Akikutukana, pokea. Akikutoa nje, toka, ila kitabu mwachie.

Usimwamulie. Inawezekana akasoma na bado akarudi kwa mumewe, maana wifi ana maneno na mazoea yana nguvu. Lakini akirudi, aende akijua kwamba hakuna mwanamke kitabuni aliyemtangulia. Mwambie kwamba kule kumuaga mwenye nyumba ni rahisi kukutengua, anaweza kumwendea kesho kumwambia nimebadili nia, na kama anaona haya, mwende wote wawili.

Wenzako waambie baadaye, asubuhi, kabla ya kazi. Mchana chukua sindano ushone vifungo vyako mwenyewe. Usiwaombe wakushonee tena. Ikiwa wanataka kusikia kilichompata kweli dereva wa lori, watakuambia. Nahisi watataka, na nahisi watakununia kwanza, na hiyo ni haki yao.

Kuhusu Jumapili zako sina dawa ya kukuandikia gazetini. Ila nimeona kwamba umeomba kusindikizwa na chumba kizima kwa uongo, na wakati wote huo kulikuwa na mtu mmoja wa kigoda cha pembeni anakualika bila hadithi yoyote. Kwa hiyo jioni hii, baada ya yote kusemwa, akiinuka akaenda jikoni akarudi na sahani mbili, tafadhali, dada yangu, usimwambie umeshiba.