Tulimlilia Lonnie Kabla ya Wakati

(Ukurasa huu niliuandika Tensta, Uswidi, mwisho wa mwaka 1972. Nauweka kwenye blogu hii kama ulivyo, bila kugusa neno.)

Alhamisi, 28 Desemba 1972

Saa nane mchana, na giza limeshaanza kushuka. Nje si theluji si mvua, ni ule uji wa baridi unaoingia kwenye buti hata ukanyage vipi. Wali uko jikoni, moto mdogo. Curtis anarudi saa kumi na moja. Naandika mbio, na mwandiko huu hata mimi mwenyewe nitakuja kuusoma kwa taabu.

Niandike tu. Nisipoandika nitapiga mayowe, na jirani wa ukutani atapiga simu polisi, maana huku mtu akilia kwa sauti wanajua anauawa.

Curtis ni mume wangu. Mmarekani mweusi, mtoto wa Alabama, mrefu, mpole, hana raha bila kahawa. Alikuwa askari Ujerumani. Walipompa amri ya kwenda Vietnam akapanda treni ya kaskazini na hakurudi kambini. Huku wamempa kibali cha kukaa. Kwao, akikanyaga tu uwanja wa ndege ni jela. Mimi nilitoka Bukoba kuja kusoma uuguzi. Tulikutana kanisani, kwenye kahawa ya baada ya ibada, akanirushia "asante sana" aliyojifunza sijui wapi, nikacheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Mwaka uliofuata tukafunga ndoa.

Lonnie ni mdogo wake. Yeye hakukimbia. Ni mpiga bunduki kwenye B-52, yale madege makubwa ya mabomu. Siku moja Curtis alinichorea kwenye mfuko wa mkate: watano wanakaa pamoja mbele, na wa sita, huyo mpiga bunduki, anakaa peke yake huko mkiani, ameelekea nyuma. Wenzake anawasikia masikioni tu, hawaoni. Nikamuuliza, ndege ikipigwa je? Akasema lazima kwanza aiachie ile mitambo yote ya bunduki idondoke, ndipo aruke kwenye tundu litakalobaki. Kisha akaukunja ule mfuko na kuutia mfukoni.

Tangu siku ile sijawahi kumfikiria Lonnie akiwa ameketi mezani kama watu wengine. Namwona kule mkiani tu, anatazama giza analoliacha nyuma.

Wiki iliyopita madege hayo yakaanza kuipiga Hanoi usiku baada ya usiku. Redio ya hapa ikawa inatusomea: yameanguka mengine. Hanoi wanataja idadi yao, Washington wanataja ndogo zaidi. Kwenye kituo cha basi la Spånga watu walikuwa wanakusanya saini za kupinga vita, na kijana mmoja mwenye ndevu alipotangaza kwamba dege jingine limetunguliwa, watu wakashangilia. Saini yangu niliweka, na kwa moyo wote. Wale watoto walio chini ya mabomu ni watoto. Lakini nilipanda basi bila kushangilia, maana kila dege likianguka kuna mtu mkiani.

Curtis hakushangilia wala hakulaani. Aliniambia neno moja tu, akiwa amenipa mgongo, anaosha kikombe. Alisema Lonnie akifa, yeye atarudi kwao, liwalo na liwe, mama yake hatabaki peke yake na makaburi mawili, la baba na la mwana.

Tangu hapo nimekuwa nikimwombea Lonnie kwa bidii, na Mungu anajua nusu ya maombi hayo ni ya kujiombea mimi.

Jumamosi simu ikalia. Curtis alikuwa kazini, anafanya kazi kwenye duka la kuoka mikate mjini. Alikuwa Denise, dada yao. Alisema haraka haraka kwamba watu wawili wa jeshi la anga wamefika kwa mama na sare zao, na mchungaji wa jeshi pamoja nao. Ndege ya Lonnie haikurudi. Hajulikani alipo. Curtis ampigie mama akifika.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Baba alipofariki nilikuwa shule ya bweni. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia baba hajisikii vizuri, niende nyumbani. Baba mdogo alikuja kunichukua. Njiani akaninunulia soda na maandazi, akakazana nile, na mimi nikala nikimsimulia habari za mitihani. Nilijua nilipoona watu wamejaa uani, na hakuna aliyenyanyua mkono kunipungia. Sijawahi kumkasirikia baba mdogo. Kwetu ndivyo mtu anavyopendwa. Habari ya kifo hatupewi kavukavu, tukiwa na njaa, tukiwa peke yetu. Tunaletewa kidogo kidogo, na watu wakiwa wameshakaa tayari kutudaka.

Kwa hiyo Denise aliposema hajulikani alipo, nilimsikia kwa masikio ya Bukoba. Mchungaji amefika mlangoni, halafu eti hajulikani alipo? Nikasema moyoni, maskini, ananificha. Anataka nimtayarishe mwenzangu.

Nikampigia Mama Rehema, mtu wa Tanga, anakaa jengo la pili, ndiye mama yetu wote huku.

"Koku mwanangu, usimwambie kitu," alisema. "Mtu asiambiwe hajatia kitu tumboni. Weka maji, sisi tunakuja."

Na wakaja. Mama Rehema na sufuria lake, akina mama wawili wa Kikenya, na Njoroge, mwanafunzi wa uhandisi, huyo tulimwita kwa ajili ya Kiingereza chake. Tukasukuma makochi ukutani, tukatandika mablanketi, tukakaa chini tumejitanda khanga. Ile taa ya Krismasi ya dirishani nikaizima. Nyumba ikawa ya msiba hasa, na nakiri kwamba kuna kitu ndani yangu kilitulia. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba hii ya zege kuwa kama kwetu.

Curtis akafungua mlango. Aliona kwanza viatu, rundo la viatu mlangoni. Alikuwa na mfuko wa mikate ya zafarani mkononi, na alitabasamu, nadhani alidhani ni sherehe.

Mama Rehema akainuka. "Pole, baba," akasema, na machozi yakamtoka.

Curtis akajibu, "Asante, mama," kama anavyojibu kila siku akitoka kazini.

Halafu akatutazama mmoja mmoja. Njoroge akamwambia kwa Kiingereza kwamba tumesikitika sana kwa ajili ya ndugu yake. Ule mfuko ulianguka, mikate ikabingirika mpaka chini ya kochi.

Sitaandika alivyolia. Ni mtu mzima, ni mume wangu, inatosha. Tulimshika. Tuliimba nyimbo zote tulizozijua za kumsindikiza mtu. Mama Rehema ni Mwislamu na hazijui hata moja, lakini alivumisha sauti nasi mwanzo mpaka mwisho. Curtis alikula vijiko vichache, na ndipo akanyanyua simu kumpigia mama yake, sisi tukiendelea kuimba polepole nyuma yake.

Nilimwona mgongo wake ukinyooka.

Alisikiliza. Akauliza kitu, akasikiliza tena. Akaweka simu chini taratibu, akatugeukia.

"Nani amewaambia amekufa?" aliuliza. Hakupaza sauti. "Hakuna aliyeona maiti. Huenda aliruka. Mmekuja kumzika mtu aliye hai."

Hakuna aliyejua namna ya kuaga. Wakainuka, wakatafuta viatu vyao, Njoroge akavaa kushoto kulia. Mama Rehema alinishika bega akipita. Mimi nilibaki katikati ya mablanketi. Nilitaka ardhi ipasuke, lakini tuko ghorofa ya sita.

Tangu Jumamosi Curtis ananiambia yale ya lazima tu. Chumvi iko wapi. Basi limechelewa. Krismasi tulikula kila mmoja akitazama sahani yake. Siku hiyo madege yalipumzika, redio ilisema, na kesho yake yakarudi kazini.

Televisheni imeonyesha watu waliokamatwa Hanoi, wa madege yaliyotunguliwa, wamekalishwa mbele ya waandishi. Curtis alipiga magoti mbele ya kioo. Lonnie hakuwemo. Akanunua magazeti yote, Kiswidi hakijui vizuri lakini nyuso hazina lugha, na sasa anazisoma kwa ile lenzi yangu ya kusomea maandishi ya chupa za dawa. Kuna mmoja, ameinamisha kichwa, uso hauonekani. Gazeti hilo amelibandika juu ya kitanda. Ninalala chini ya mtu huyo.

Na kitu hiki ndicho kinachonitisha kuliko vyote: naogopa kumwombea sasa. Nahisi tulipomwimbia siku ile tulimsukuma. Najua ni upuuzi, mimi ni muuguzi, najua watu hawafi kwa kuimbiwa. Lakini ndege zinazotua uwanja wa Bromma zinapita juu ya paa letu, na kila ikipita sote wawili tunanyamaza mpaka mngurumo uishe, na katika kunyamaza huko namsikia akinihukumu. Au najihukumu mwenyewe, sijui.

Juzi alishusha sanduku lake kutoka juu ya kabati. Anasema zipu imekwama, anataka kuitengeneza. Zipu ile haina kasoro, niliijaribu.

Leo sina zamu. Saa saba mchana simu ikalia.

Alikuwa mama yake mwenyewe. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu za sikukuu. Kwao ilikuwa alfajiri bado. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hakulala, lakini imepigwa pasi, haina hata kunjo. Aliuliza Curtis yuko wapi. Nikasema kazini. Akasema vizuri.

Akasema wale watu wa sare wamekuja tena jana jioni.

Nikauliza wamesema nini. Nilijikaza, nikauliza wazi, Kizungu kabisa, maana nimeshafundishwa adabu mbele ya watu.

Nilisikia saa ya ukutani huko Alabama.

"Mwanangu," akasema, "anakula vizuri huyo mtoto?"

Nikasema anakula kidogo.

"Akirudi mpe chakula. Chakula cha kweli. Usimwambie nimepiga. Mimi mwenyewe nitapiga saa mbili za usiku za huko kwenu." Akavuta pumzi. "Na wale watu wako niliowasikia wakiimba siku ile. Unadhani wanaweza kuja tena?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akasema, "Waimbe ule wimbo wa mwisho," na akakata simu kabla sijasikia anachokificha.

Nilikaa sakafuni na mkonga wa simu mkononi, unanilia tuu, tuu. Siku zote hizi nilidhani desturi yetu ndiyo iliyoniponza mbele ya watu wasioijua. Kumbe kuna mama Alabama anaijua kama bibi yangu alivyoijua. Ningefurahi siku nyingine yoyote.

Sijaambiwa chochote. Naweza kuwa nimekosea tena, na ninaomba niwe nimekosea, afadhali nifukuzwe nyumba hii kwa kiherehere. Lakini nimempigia Mama Rehema. Nilijiandaa kueleza, na kuomba radhi, na kumsihi. Hakunipa nafasi. Aliuliza tu kama nina vitunguu.

Sanduku liko pale pale kando ya kitanda. Nimelizunguka mara kadhaa. Nilifikiri kulificha, kisha nikalifungua, nikaweka ndani sweta lake la sufu, lile zito, na nikalifunga. Kwao baridi si kubwa. Sijui kwa nini nimeweka sweta.

Wameanza kufika. Njoroge amekuja wa kwanza, ameketi jikoni bila kuvua koti, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Makochi hatutayasogeza leo. Taa ya dirishani nimeiacha inawaka. Na viatu vyote nimewaambia waingie navyo chumbani, kisiachwe hata kimoja mlangoni. Nataka afungue mlango aone korido tupu, avue buti zake, aulize chumvi iko wapi.

Nataka ale kwanza.