Gunia la Alizeti Nililoshindwa Kulinadi

Jumapili, jioni. Upepo wa mwezi wa saba umetuchapa tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno. Nimejikunja ndani ya shuka, naandika kwa kidole gumba kimoja. Shule niliachia kidato cha pili, kwa hiyo wenye Kiswahili cha mtihani wanisamehe au wapite kimya.

Leo ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani kwetu. Nyie wa mjini mnaotoa sadaka kwa simu hamjui raha hii. Huku kwetu, upande wa Mtinko, mtu analeta alichovuna: uwele, kuku, vitunguu, asali kwenye dumu. Vinawekwa madhabahuni, vinaombewa, halafu vinatolewa nje kwenye mnada. Na dalali ni mimi. Sijisifu, ila kuna Jumapili nilimnadi jogoo mwenye chongo hadi watu wakanuniana.

Kwetu dalali lazima aseme kitu kimetoka shamba gani. Watu wakiipenda hadithi, wanakigombania. Na hadithi ninazo.

Ila kuna moja nimeificha tangu mvua za kwanza.

Mimi ni mtu wa plau. Nina maksai wawili, na hakuna kijana huku anayenyoosha mstari kama mimi. Anayebisha aje na rula. Nililima shamba la Mzee Yonathani, mzee wa kanisa letu, mtu mwenye mifugo na sauti. Limepakana na la Bibi Zuhura, mjane. Kati yao palikuwa na ukanda wa majani ambao plau haliugusi. Ndio mpaka huo, tangu enzi za babu zetu. Mzee akasimama pembeni, akaniambia, "Ongeza kidogo kule." Nikaongeza. Nikayala majani yote, nikaingia kwa bibi hatua kumi na mbili.

Bibi Zuhura akaja na fimbo yake. "Mjukuu wangu, umelewa?"

Nikamjibu, "Bibi, maksai hawajasoma, mpaka wataujuaje?" Vibarua wakacheka. Nikajiona fundi wa maneno.

Yeye hakucheka. Pale ndipo penye udongo mweusi unaoshika maji, na ndipo alipokuwa akipanda uwele wake wa kula. Alilalamika, lakini neno lake mbele ya neno la mzee lilikuwa jepesi. Na huku, ukilima kipande cha mtu misimu miwili, wa tatu watu wanakuita mwenyewe. Msimu mmoja umeshapita.

Leo gunia kubwa kuliko yote pale mbele lilikuwa la Mzee Yonathani. Alizeti, imeshindiliwa hadi mdomoni. Mwinjilisti wetu akaomba Mungu apokee kazi ya mikono yetu.

Nikaiangalia yangu.

Nje nikapanda kwenye benchi. Kuku wakaenda, vitunguu vikaenda, watu wanacheka. Gunia likaletwa. Mama Eliza wa kwaya, ambaye hunichokoza kila mnada, akasema, "Haya, dalali, hiyo nayo ya shamba gani? Usitudanganye kama kwa yule jogoo."

Nikainama, nikaweka mkono juu ya gunia.

"Hili siwezi kulinadi," nikasema. "Humu kuna hatua kumi na mbili za shamba la Bibi Zuhura. Niliyelilima ni mimi."

Mzee Yonathani akasema taratibu, "Kijana, fanya kazi uliyopewa. Kwanza huyo bibi si wa kwetu, anasali msikitini."

Nilidhani mwinjilisti atanishusha kwenye benchi. Ni mtu mpole, hata mbuzi wakiingia kanisani anawaomba watoke. Akalifunga gunia kamba. "Tumemshukuru Mungu kwa kitu cha mtu," akasema. "Ibada haijaisha. Libebeni."

Tukaenda, kanisa zima, kwaya na sare zao, hadi kwa Bibi Zuhura. Mzee Yonathani alikuwa nyuma kabisa. Lakini alikuja, hilo nampa.

Nikamwamkia bibi shikamoo, nikamwomba msamaha mbele ya watu wote.

"Marahaba. Kumbe maksai wako wamesoma," akasema. Wakanicheka, na nilistahili. Kisha akaligusa gunia kwa fimbo. "Hili ahsanteni. Nitakamua mafuta, yataisha. Mimi nataka mpaka wangu."

Sisi tulidhani tumemaliza. Mama Eliza alikuwa ameshaanzisha wimbo.

Tangu utoto naimba kuwahurumia maskini, na naimba vizuri, ulizeni. Bibi hakuomba huruma. Aliomba chake.

Mzee Yonathani akakohoa, akautazama uwanja, akatutazama sisi. "Kesho asubuhi," akasema. "Mjumbe aitwe, mpaka upimwe." Sikutegemea kuyasikia maneno hayo kutoka kwake, na nilimwona mwinjilisti akifuta macho eti vumbi.

Anayejua mpaka wa zamani ulipopita ni mimi, maana majani niliyafukia mwenyewe.

Tukiwa njiani kurudi, mzee akanishika bega kama mwanawe. "Nakumbuka zilikuwa hatua nane, mwanangu. Na msimu ujao nina shamba lingine la kulimwa."

Nilichekacheka tu, na hilo linaniuma hadi sasa. Kazi zake ndizo zinazolisha maksai wangu na mimi mwenyewe.

Naogopa, nakiri. Ila leo nimeona watu wakiacha chakula cha sikukuu kipoe ili waende kwa bibi wa dini nyingine, na sitaki niwe wa kuwarudisha nyuma.

Asubuhi nachukua jembe na vigingi. Nitahesabu kwa miguu yangu, kwa sauti, kila mtu asikie. Ya nane nitaipita.