Majigambo Katikati ya Wimbo

Ijumaa, Novemba

Hapana, sitayaondoa. Leo jikoni shangazi ameniambia kwamba kesho, kwenye tamasha la kanisa, nipige gitaa na kuimba tu. "Hayo majigambo uyaache hapa mtaani Rexdale. Msichana hajisifu mbele ya mchungaji."

Lakini maskanda, muziki huu wa Wazulu, ndivyo ulivyo. Katikati ya wimbo mpigaji huacha kuimba, vidole vikiendelea, akajitaja upesi upesi: yeye ni nani, katoka kwa nani. Mwanzoni nilikariri majigambo ya mwalimu wangu Mzulu, neno kwa neno, hadi jina la babake. Alicheka mpaka akaweka gitaa chini. "Kumbe sisi ni ndugu! Sema yako, binti."

Yangu nimeyatunga kwa Kiswahili. Namtaja mama, aliyenizaa bila ndoa na kunilea peke yake. Hilo ndilo linalomkera shangazi, wala si kujisifu. Aibu ya kaka yake, yaani baba yangu, anaiita.

Naogopa. Ninaishi kwake, na baridi ya huku ughaibuni imeshaanza. Akinifukuza...

Basi anifukuze. Kesho nitamtaja mama kwa majina yake yote. Wakizima maikrofoni, gitaa langu halitumii umeme, wala sauti yangu.