Mkono wa Baba na Shingo za Risasi

Sanduku la Posta 48,
Tallow Creek, Montana.
Jumapili, 21 Septemba 2014.

Mpendwa mdogo wangu Loren,

Pokea salamu zetu kutoka huku ambako asubuhi tayari tunakwangua barafu kwenye vioo vya gari. U hali gani huko Florida, na Patrice je? Mtoto ameshaota meno? Na kile kikohozi chako, kimekuachia au bado mnaishi nyumba moja? Sisi tu wazima. Mgongo wa shemeji yako Curtis unamsumbua tangu tumalize kufunga majani ya ng'ombe, ila hamu ya viazi haijapungua hata kidogo, kwa hiyo simhurumii sana. Shangazi Verna hajambo, na ulimi wake ndio haujambo zaidi.

Najua unasubiri habari za Baba, basi ngoja nikupe zote.

Ulisikia kwamba Novemba iliyopita alimpiga kulungu dume pale juu ya machimbo, akampiga vibaya, akafuata damu mpaka theluji ikaifunika. Usichokijua ni yaliyofuata. Alirudi nyumbani akaifuta bunduki, akaifungia kabatini, na tangu siku hiyo hakuitaja tena. Agosti watu walipoanza kununua vibali vya kuwindia, yeye alikwenda mjini akarudi na misumari tu. Nilipomuuliza, alinijibu huku akiangalia dirisha:

"Mtu ambaye mkono wake umemsaliti hana haki ya kumlenga mnyama."

Loren, niliumia. Baba bila mlima wa Oktoba ni nani? Nilimwona akiketi pale jikoni, mikono juu ya meza, anaikagua kama mikono ya mtu mwingine.

Sasa unanijua mimi na udadisi wangu. Siku moja niliteremka kwenye chumba cha chini ya nyumba kutafuta mitungi ya jamu, nikapita kwenye meza yake ya kujazia risasi, pale anapotia baruti na vichwa vipya kwenye maganda yaliyokwisha kufyatuliwa. Unakumbuka tulivyokatazwa kuigusa tukiwa wadogo. Niligusa. Nikachukua risasi chache zilizobaki za mwaka jana nikazipeleka kwenye mwanga, nikaona jambo ambalo lilinikosesha raha wiki nzima: shingo zake hazikufanana. Nyingine mdomo wa ganda umebanwa mpaka umezama kwenye kichwa cha risasi, nyingine umeguswa tu.

Nikajiuliza, mbona hivi? Nikachukua kipimo nikaanza kupima maganda ya shaba, na kumbe yamepishana urefu. Shaba huvutika kila unapofyatua, na Baba hakuwa ameyakata yakawa sawa. Ganda refu linaingia zaidi kwenye kile kifaa cha kubania mdomo wa ganda, linabanwa sana, fupi linapona. Na vichwa vya risasi hizi mpya havina ule mfuo wa kiunoni ambamo mdomo wa ganda hutulia. Ukivikaba, unavibonyeza mwili.

Hapo nikaelewa ilikotoka tabia hiyo. Bunduki yake ya zamani, ile unayovuta mkono wa chuma chini kuipakia, hupanga risasi kwenye bomba moja nyuma ya nyingine, na usipozibana sana zinasukumana, vichwa vikazama ndani ya maganda. Miaka yote hiyo alibana kwa nguvu, na alikuwa na haki. Alipohamia bunduki ya komeo, ambayo haina bomba hilo, alihama na mazoea yake. Mzoea punda hapandi farasi, au akipanda, humpanda kama punda.

Nilipomweleza, alicheka kwa dharau. Kwake risasi isiyobanwa ni suruali isiyo na mkanda. Akaongeza kwamba kifaa kile ulimtumia wewe Krismasi ya mwaka juzi, na mwanawe hawezi kumpa kitu kibovu. Shangazi Verna, ambaye alikuwa amekuja na pai ya mashina ya rubabu, akamwambia kwamba hata mitungi yake ya matango ya siki haifungi kwa nguvu namna ile, na matango hayana haraka ya kwenda popote. Baba akajikatia kipande cha pai.

Lakini kuuliza si ujinga, nami nilitaka kujua. Nikamwambia tujaribu. Nitajaza mimi: maganda yaleyale, baruti kipimo kilekile, nikitofautisha kubana tu. Nyingine nitazibana kama anavyobana yeye, nyingine nitaziacha huru kabisa, na nyingine nitakata maganda yawe sawa kisha nizibane kidogo tu kwa kifaa chako. Nitatia alama za rangi kitakoni nizichanganye, yeye afyatue bila kuangalia.

Hapo ndipo tulipogota. Wajua sheria ya watu wetu: mtu hafyatui risasi iliyojazwa na mwingine, maana baruti ikizidi bunduki humpasukia usoni. Unaweza kumkopesha jirani trekta lako na hata meno yako ya bandia, lakini si risasi zako. Baba hajawahi hata kutumia za babu. Alikataa. Kisha Jumamosi asubuhi nikamkuta ameketi kwenye gari langu, bunduki magotini, kofia kichwani, ananiuliza kama tutaondoka leo au Krismasi.

Uwanjani tuliweka mtutu juu ya mifuko ya mchanga. Alipofyatua ile ya kwanza, nakuapia, mimi ndiye niliyefumba macho. Nilikuwa nampa baba yangu moto niliouandaa kwa mikono yangu, shavu lake likiwa pale pale. Alifyatua polepole, akipumua vizuri, na kila baada ya mlio mimi nachungulia kwa darubini na kuandika tundu limeingia wapi. Kisha tukabadilishana nafasi, nikafyatua mimi.

Tulipotembea hadi kwenye shabaha, nilikuwa na hamu kama mtoto. Zile zilizobanwa kwa mtindo wake zilitawanyika ukubwa wa kifuniko cha mtungi wa jamu, alizofyatua yeye na nilizofyatua mimi vilevile. Zile huru zingefunikwa na sarafu moja. Na hili sikulitegemea: zile za maganda yaliyokatwa sawa, zilizobanwa kidogo, nazo sarafu ileile. Mimi nilikwenda pale nikidhani kosa ni kubana. Kumbe kosa ni kubana bila usawa.

Baba aliweka kidole kwenye yale matundu yaliyotawanyika. Nilidhani atafurahi. Mkono wake ni mzima, si nimemthibitishia? Badala yake akasema:

"Kosa la mkono lingekuwa uzee tu, Nadine. Risasi nilizitengeneza mwenyewe."

Nilimshika bega tukasimama pale, mimi nalia, yeye haniangalii ili nilie kwa raha. Huo udadisi wangu ulikuwa umemtoa kwenye huzuni moja ukamtia kwenye nyingine, na njia nzima ya kurudi nilijilaumu.

Alhamisi alikuja na karatasi ya kibali cha mwaka huu, akaibandika pale kwenye friji kwa sumaku, karibu na picha ya mtoto wako. Nikamuuliza kama nimkatie maganda ayajaze mwenyewe. Akatikisa kichwa.

"Zijaze wewe. Na uzibane kidogo kwa kile kifaa cha Loren. Bila mkanda sitapata usingizi."

Kisha akanionya nisikuandikie kuhusu matundu yaliyotawanyika, usije ukadhani zawadi yako ndiyo iliyompotezea kulungu. Nikuambie tu kwamba kifaa ni kizuri. Basi nimekuambia: kifaa ni kizuri, nimekipima mwenyewe. Mengine umeyasikia kutoka kwangu, na ukimpigia simu, hujui lolote.

Wasalimie Patrice na mtoto. Curtis anakusalimu, na Shangazi Verna anauliza kama huko mnakula chakula cha kweli au ndizi tu. Mungu akulinde, akurudishe kwetu ungali mzima.

Nafunga hapa, maana maganda yananingoja mezani. Oktoba Baba atapanda mlima na risasi zilizojazwa na mkono wangu na kubanwa na zawadi yako, na ni mara ya kwanza maishani mwake kutuamini kiasi hicho.

Dada yako akupendaye daima,
Nadine