Sababu Namba Moja

Jumatatu, 24 Juni

Nimerudi nyumbani nimefura! Asubuhi, hata chai sijamaliza, kaingia mzee kashikwa mkono na mpwa wake wa kike. Fundi wa kuchomelea, miaka thelathini karakanani. Cheche zimemmaliza macho. La kushoto basi tena, la kulia linaona vivuli tu. Daktari kamwachisha kazi, mfuko wetu wa pensheni ukamlipa kiinua mgongo — na karibu theluthi yake ikakatwa kodi.

Mpwa akauliza: anayeachishwa kwa ugonjwa si hakatwi? Hakatwi, ndiyo. Nikafungua kompyuta. Sababu ya malipo: namba moja. Yaani kaacha kazi kwa hiari yake! Mzee akacheka. Eti hiari hiyo angeitoa wapi, mpaka leo anaota anachomelea mageti.

Pesa hizo ndizo za upasuaji wa jicho lililobaki. Tarehe 15 Julai. Ukichelewa hapo, daktari hana la kuahidi.

Jumanne, 25 Juni

Nimelichambua faili lake. Barua ya daktari imo! Ina muhuri wetu wa kupokelea, wiki mbili baada ya malipo. Najua kabisa ilivyokuwa. Barua ikichelewa, kompyuta haikubali kisanduku kitupu, basi tunaweka moja. Bosi ndiye aliyetufundisha. "Weka moja, tutarekebisha." Ndiyo maana tunamwita Bwana Tutarekebisha. Barua ikija inatiwa kwenye faili, faili linarudi kabatini, na kwenye kompyuta harudi mtu.

Kodi tuliyokata bado tunayo sisi. Marekebisho yakiwafikia watu wa kodi kabla ya Ijumaa saa kumi, mzee anarudishiwa wiki ijayo. Yakichelewa, pesa imekwenda, na kuidai ni miaka.

Nimempelekea bosi faili. Jibu lake: Dada yangu, punguza moto, kila kitu kina utaratibu. Utaratibu! Nimechukua faili nikatoka.

Jumatano, 26 Juni

Bosi yuko kikaoni. Siku nzima. Kikao cha peke yake — nimemsikia akikohoa humo ndani. Mpwa kapiga simu mara tatu.

Alhamisi, 27 Juni

Dada wa simu kwa watu wa kodi, mpole sana, kanieleza: ripoti ya marekebisho wanaipokea mara moja tu kwa mwaka. Kwa hiyo niwaweke wote humo humo. Wote? Wote nani?

Saa ya chakula sikula. Nimetoa kila faili la namba moja la mwaka huu. Ishirini na tatu, mzee akiwemo, wana barua ya daktari ndani! Muuguzi aliyeharibika mgongo. Dereva aliyekatwa mguu — naye eti kaacha kwa hiari. Nikaanza kutafuta ni nani aliyewaandika hivyo, nimtukane vizuri.

Tisa ni mimi. Herufi za jina langu kabisa, pembeni. Tisa!

Nimemwambia baba watoto. Kasema niangalie kibarua chetu, ada ya muhula haijalipwa. Nimemfokea, masikini, na hakunikosea kitu.

Ijumaa, 28 Juni

Naandika hapa hapa ofisini, maana nikikaa bure nitavunja kitu.

Saa nane bosi kakubali kutia sahihi. Kwa mzee mmoja tu. Wale ishirini na wawili je? Naye: kwani wamelalamika? Hawajalalamika kwa sababu hawajui, mtu wewe! (Hilo la mwisho nilisema moyoni.) Nikamwambia ripoti ni moja tu kwa mwaka, tukituma hii tumewafungia mlango. Akagusa herufi zangu kwenye faili kwa kidole, taratibu. Wakaguzi wakija, dada yangu, watauliza nani kaandika. Kisha kachukua begi. Ana safari.

Sawa. Waulize. Nimeandika mimi, na nitasema nani kanifundisha.

Sahihi yake iko kwenye fomu ya mbele. Orodha inaambatishwa nyuma, na orodha nimeshaichapa, majina yote. Na kile kisanduku cha juu, idadi ya wanaorekebishiwa, kakiacha wazi! Huyu bwana hajawahi kujaza kitu mpaka mwisho tangu nimjue.

Nikiweka wote na akaikana sahihi yake, ripoti nzima inatupwa. Na jicho la mzee humo humo.

Yuko hapo kwenye benchi tangu saa tatu. Sasa hivi kauliza, uso kauelekeza mlangoni, mimi niko dirishani: mwanangu, bado? Nimemwambia bado kidogo, baba.

Saa tisa na dakika arobaini.

Nimeandika 2.

Simu ya mezani inalia. Ni namba ya bosi. Acha ilie, kuna tarakimu moja imebaki.