Kitabu cha Mama Chirag Ambacho Hakipo

Shangazi Bupe mpendwa, naomba unishike mkono, maana furaha yangu imegeuka presha na Ijumaa inakuja mbio.

Mimi ni Atuganile wa Ilomba, nasoma sanaa na ubunifu mwaka wa mwisho katika chuo kimoja hapa Mbeya, na kazi yetu ya kumalizia ilikuwa kubuni kitenge kipya chenye asili ya huku kwetu na kuonyesha habari zake tumezitoa wapi, vyanzo visivyopungua vitano, basi wenzangu wakaingia kwenye simu wakaandika "nakshi za Kiafrika" na wanne wakaja na twiga yule yule, mimi nilitafuta humo humo wiki nzima sikupata kitu, kwa sababu sikujua jina la ninachokitafuta, nilijua tu kwamba nikikiona nitakitambua, maktabani nikapata vitabu vinne tu vya maana, ndipo nikaenda kwa Mama Chirag, muuza vitenge ambaye jina lake hasa ni Prabha, akanitolea waya mrefu uliotungwa vipande vya vitenge, Shangazi, tangu alipoolewa akaja Mbeya mwaka 1984 amekata kipande cha kila jora lililoingia dukani, na nyuma yake ameandika mwaka na jina ambalo wateja walikibatiza kitenge hicho, Kokoto za Igawa, Kwaheri Shemeji, Mgomba Umechanika, nikashinda pale Jumamosi mbili nikigeuza kimoja kimoja huku ananisimulia, na humo nikapata wazo la kitenge changu.

Nikamuuliza Mwalimu Dastan kama naweza kumwandika Mama Chirag kuwa chanzo cha tano, akasema, "Wewe dada, dukani watu wananunua, hawasomi. Lete kitabu." Darasa zima likacheka. Kwa hasira na aibu nikaandika: Prabha (2011), Vitenge vya Nyanda za Juu, Mbeya. Kitabu hicho hakipo.

Sasa mtahini wa nje, mama mmoja kutoka Iringa, ameipa kazi yangu nafasi ya kwanza kati ya wanafunzi thelathini na mmoja, mama yangu ameshatoa shukrani kanisani, na huyo mtahini anasema kilichomgusa zaidi ni habari za kitabu cha Prabha, anarudi Ijumaa kutoa vyeti, anataka akione na chuo kiagize nakala tatu za maktaba. Rafiki yangu Ezron anasema, "We sema kimeibiwa, basi." Na jana Mama Chirag kaniuliza, "Binti yangu, kazi yetu imefika wapi?" nikashindwa kumtazama. Wakigundua nitafukuzwa. Nifanyeje?

Atuganile, Ilomba

Atuganile mwanangu,

Hongera! Barua yako nimeisoma nimesimama, nikamwita mwenzangu wa meza ya pili naye aje asikie. Wa kwanza kati ya thelathini na mmoja! Haya, sasa kaa nikugombeze.

Ulikuwa na mtu mzima, mwenye kumbukumbu za miaka arobaini, ukamgeuza karatasi kwa sababu darasa lilicheka. Umemdanganya mtahini, na umemnyima Mama Chirag sifa ya kazi aliyoifanya kwa mkasi na mikono yake mwenyewe. Hilo ni kosa, usilipake rangi. Na Ezron mwambie anyamaze, uongo wa pili utakufukuzisha haraka kuliko wa kwanza.

Mwalimu Dastan naye ajitazame. Mbunifu anatafuta kwa macho na vidole, mara nyingi neno la kuandika kwenye simu hana mpaka akione kitu chenyewe. Wewe ulitafuta hivyo na ukapata. Wale wa twiga hawakutafuta, waliokota.

Kesho asubuhi, kabla ya vipindi, nenda ofisini kwa Mwalimu Dastan umweleze yote, peke yako, bila kulia sana. Mwandikie mtahini ukurasa mmoja: kitabu nilikitunga, mwanamke na vipande vyake ni wa kweli. Chanzo kirekebishe kisomeke "Prabha, muuza vitenge, mazungumzo dukani kwake, Mbeya", pamoja na tarehe zote mbili. Wakikukata alama, pokea. Wakikunyang'anya nafasi ya kwanza itakuuma, nami nitaumia nawe, lakini kitenge kile hakuna wa kukuondolea mikononi.

Ukitoka hapo nenda kwa Mama Chirag. Muombe radhi, halafu muulize kama yuko tayari mkiandike kitabu hicho kweli. Akikubali, Ijumaa aje na waya wake mzima, akae mstari wa mbele pamoja na mama yako, darasa lile lile lililocheka limwone.

Na yule mama wa Iringa akisema bado anazitaka nakala tatu, usimwambie hakuna. Mwambie Prabha ndiyo kwanza anaanza kukiandika, na mchoraji wake ni wewe. Jumamosi saa tatu uwe dukani na daftari.

Shangazi Bupe